Kuzalisha Sodiamu kwa Umeme: Jinsi ya Kuisoma Seli ya Downs, na Jinsi ya Kuishika Sodiamu Yenyewe

Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu wa kemia wa sekondari, fundi sanifu wa maabara, na mwanafunzi wa kidato cha juu anayetaka kuelewa zaidi ya mchoro anaoukariri kwa ajili ya mtihani. Haukuandikwa ili mtu ayeyushe chumvi nyumbani, na sababu za kutofanya hivyo zitajitokeza kadiri tunavyoendelea. Njia ninayoipendekeza ya kufundisha mada hii ni kukishika kila kipande cha seli ya Downs, yaani chombo cha kiwandani kinachoitenganisha chumvi iliyoyeyuka kwa umeme, kimoja kimoja na kuuliza: kipande hiki kisingekuwepo, nani angeumia na kwa namna gani? Mwanafunzi anayeweza kujibu swali hilo hahitaji kukariri mchoro, kwa kuwa seli nzima ilijengwa kuzunguka hatari za vitu viwili inavyovizalisha, yaani sodiamu na klorini.

Anza na swali la kwa nini umeme

Metali nyingi hupatikana kwa kuchoma mawe yake pamoja na makaa, nayo kaboni ikabeba oksijeni. Sodiamu pia iliwahi kupatikana hivyo katika karne ya 19, kwa kuichoma magadi na makaa katika joto linalozidi nyuzi 1,000 za selisiasi, lakini kazi ilikuwa ghali na mvuke wa metali uliotoka uliwaka mara ulipokutana na hewa. Sababu ya ugumu huo ni kwamba atomu ya sodiamu huitoa elektroni yake ya nje kwa wepesi mno, kwa hiyo ioni yake, yaani atomu iliyokwisha kuipoteza elektroni hiyo, haikubali kurudishiwa isipokuwa kwa nguvu kubwa. Umeme ndio unaoitoa nguvu hiyo moja kwa moja.

Humphry Davy alilithibitisha jambo hili London mwezi wa Oktoba 1807. Alichukua potashi (hidroksidi ya potasiamu) iliyolowa kidogo tu, kiasi cha kuweza kupitisha umeme, akaiunganisha na betri kubwa ya aina iliyobuniwa na Volta miaka michache kabla, na akaona upande wa hasi vitone vidogo vinavyong'aa kama zebaki, baadhi vikilipuka na kuwaka papo hapo, vingine vikifunikwa na utando mweupe. Hiyo ilikuwa potasiamu, na siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, 1808, Gay-Lussac wa Ufaransa alijeruhiwa macho na mlipuko wa potasiamu, na hivyo somo la miwani ya kinga lina umri unaokaribia kulingana na wa metali zenyewe.

Eleza kwa nini maji ya chumvi hayafai

Kosa linalojirudia katika karatasi za majibu ni kuandika kwamba maji ya chumvi yakipitishiwa umeme hutoa sodiamu kwenye kathodi, yaani ncha ya hasi. Haiwezekani. Penye maji, maji yenyewe huzipokea elektroni kabla ya ioni za sodiamu, kwa sababu sodiamu inahitaji volti hasi 2.71 ilhali maji katika myeyusho wa besi yanatosheka na volti hasi 0.83. Kinachotoka kwenye kathodi ni haidrojeni, na kinachobaki kwenye chombo ni hidroksidi ya sodiamu, ile kostiki soda ya watengenezaji wa sabuni. Upo ubaguzi mmoja, nao ni kathodi ya zebaki, ambamo sodiamu huzama na kuchanganyika na zebaki kabla maji hayajaifikia. Njia hiyo ilitumika viwandani kwa zaidi ya miaka mia moja ili kupata kostiki soda safi, na sasa inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwa ajili ya sumu ya zebaki.

Kwa hiyo chumvi lazima iyeyushwe ikiwa kavu, bila tone la maji. Ukavu huo ni wa lazima pia kwa sababu nyingine isiyohusu ioni hata kidogo. Chumvi yenye unyevu ikitupwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa nyuzi 600, maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja, na mvuke huo hurusha chumvi ya moto usoni mwa aliye karibu. Mwalimu wa Tanga au Mombasa anaweza kulionyesha tatizo la unyevu bila moto wowote: aache kloridi ya kalisiamu kwenye kisahani kilicho wazi, na kesho yake wanafunzi watakuta imeyatega maji ya hewani mpaka imelowa chapachapa. Chumvi hiyo ndiyo nusu ya pili ya mchanganyiko wa Downs.

Isome seli kipande kwa kipande

James Downs alipata hataza ya seli yake nchini Marekani mwaka 1924, akiwa anafanya kazi Niagara Falls, mji uliovuta viwanda vya kemia kwa ajili ya umeme wa bei nafuu wa maporomoko. Anza na mchanganyiko wenyewe. Kloridi ya sodiamu peke yake huyeyuka kwa nyuzi 801. Ikichanganywa na kloridi ya kalisiamu kwa uzito wa karibu sehemu mbili kwa tatu, mchanganyiko huendeshwa kwa takriban nyuzi 600. Wanafunzi hujibu upesi kwamba hii ni kuokoa nishati, na ni kweli, lakini hiyo ndiyo sababu ndogo. Sodiamu huchemka kwa nyuzi 883, kwa hiyo katika nyuzi 800 na kitu tayari inatoa mvuke mwingi unaotafuta hewa ya kuwaka nayo. Tena, kadiri joto linavyopanda, sodiamu huyeyuka zaidi ndani ya chumvi ileile iliyotoka, ikasafiri hadi upande wa klorini, ikarudi kuwa chumvi, na umeme wote uliotumika ukawa umepotea bure. Mchanganyiko wa kisasa huongezwa kloridi ya bariamu kwa lengo hilohilo.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini kalisiamu nayo isitoke kwenye kathodi. Hutoka, ila kidogo, na huyeyuka ndani ya sodiamu. Sodiamu ikipozwa hadi nyuzi 110 hivi, yaani juu kidogo tu ya nyuzi 98 inapoganda, sehemu kubwa ya kalisiamu hujitenga kama chenga na kuchujwa.

Anodi, yaani ncha ya chanya, ni ya grafaiti, nayo husimama katikati. Ungeweka chuma mahali pake, klorini ya moto ingekila chuma hicho na kukigeuza kloridi ya chuma, na baada ya muda usingekuwa na anodi. Kathodi ni pete ya chuma cha pua inayoizunguka anodi, kwa kuwa sodiamu haiungani na chuma. Kati ya hizo mbili umening'inia wavu wa chuma wenye matundu madogo, na hapa ndipo ninapowashauri walimu wakae kwa muda mrefu kuliko kitabu kinavyokaa. Upande mmoja wa wavu ioni za sodiamu zinapokea elektroni na kuwa metali. Upande wa pili ioni za kloridi zinaziacha elektroni na kuwa gesi. Vitu hivi viwili vikikutana huungana tena na kutoa nishati ya kilojuli 411 kwa kila moli ya chumvi, yaani nishati yote tuliyojitahidi kuiingiza kwa umeme hurudi kwa ghafla kama joto. Wavu huziruhusu ioni zipite huku ukivizuia vitone vya metali na viputo vya gesi. Ukitoboka, seli huanza kujiunguza kutoka ndani.

Juu ya anodi kuna kuba linalokusanya klorini na kuipeleka kwenye bomba, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili na nusu na hutambaa sakafuni badala ya kupanda na kutoweka. Juu ya kathodi kuna mfereji uliopinduliwa unaoikusanya sodiamu, nayo hupanda kwenye bomba yenyewe bila pampu kwa kuwa ni nyepesi kuliko chumvi iliyoyeyuka inayoizunguka. Mwulize mwanafunzi: bomba hili likiziba, sodiamu itaelekea wapi? Akijibu kwamba itajaa chini ya mfereji, ipite ukingoni na kuifuata klorini, amekwisha kuielewa seli.

Jambo la mwisho kuhusu chombo hiki ni joto lake. Hakuna jiko chini yake wakati inafanya kazi. Kwa nadharia kuitenganisha chumvi kunahitaji volti kati ya 3 na 4, lakini seli huendeshwa kwa volti takriban 7, na ziada hiyo hugeuka joto linaloidumisha chumvi katika hali ya umajimaji. Ndiyo maana kiwanda cha aina hii hakiwezi kuvumilia umeme unaokatikakatika: mkondo ukisimama kwa muda, chumvi huganda ikiwa imeziba anodi, wavu na bomba kwa pamoja.

Fanya hesabu, kisha isome kwa macho ya usalama

Chukua seli moja yenye mkondo wa ampea 30,000 inayofanya kazi kwa saa moja. Chaji iliyopita ni kulombi milioni 108. Ukigawa kwa 96,500, ambazo ni kulombi za moli moja ya elektroni, unapata moli 1,119 za elektroni, na kwa kuwa kila ioni ya sodiamu huchukua elektroni moja, unapata moli 1,119 za sodiamu, sawa na kilo 25.7. Tukichukulia kwamba asilimia 85 tu ya mkondo ndiyo inayozaa matunda, zinabaki kilo 22 hivi. Nishati iliyotumika ni volti 7 mara ampea 30,000 kwa saa moja, yaani kilowati-saa 210, hivyo kila kilo ya sodiamu imegharimu karibu kilowati-saa 10.

Walimu wengi huishia hapo. Endelea na upande wa anodi. Katika hesabu kamili bila upotevu, moli 1,119 za elektroni hutoa moli 560 za klorini, karibu kilo 40, ambazo katika joto la kawaida hujaza lita 13,400. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina lita 144,000 za hewa. Klorini ya saa moja ya seli moja ingefikia zaidi ya asilimia 9 ya hewa ya darasa hilo, ilhali kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya papo kwa papo kwa mfanyakazi ni sehemu 10 tu katika milioni. Wanaodhani kwamba hatari ya kazi hii ni sodiamu peke yake wanasahau kwamba gesi hii ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915.

Mbona usitumie kostiki soda, inayoyeyuka kwa joto dogo?

Swali hili litaulizwa, na lijibiwe kwa uwazi, kwa sababu wanaojaribu mambo haya nyumbani huvutwa na njia hiyo. Kabla ya Downs, sodiamu ilitolewa kwa njia ya Castner, kwa kupitisha umeme katika hidroksidi ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 318. Tatizo ni kwamba anodi ya njia hiyo hutoa oksijeni pamoja na maji. Maji hayo husafiri hadi kathodi na kutoa haidrojeni, na nusu ya umeme hupotea. Matokeo yake ni chungu kimoja chenye oksijeni, haidrojeni na sodiamu inayoelea na kuwaka, vyote juu ya kostiki iliyoyeyuka. Mtengenezaji wa sabuni anajua myeyusho wa kostiki unavyochubua mikono katika joto la kawaida. Ikiwa na joto la nyuzi 330, kostiki hula ngozi na kuyeyusha aluminiamu, na tone moja likiruka jichoni uwezekano wa kuliokoa jicho ni mdogo. Sioni namna yoyote ya kufanya kazi hiyo kwa usalama nje ya kiwanda, na simshauri mwalimu aionyeshe hata kwa kiasi kidogo.

Potasiamu nayo haifuati kabisa njia ya Downs. Huyeyuka mno ndani ya chumvi yake, joto la seli liko karibu na nyuzi 759 inapochemka, na ikigusana na oksijeni hutengeneza superoksidi, yaani oksidi yenye oksijeni nyingi kupita kawaida, inayoweza kulipuka. Viwanda hupitisha mvuke wa sodiamu katika kloridi ya potasiamu iliyoyeyuka kwa nyuzi 850 hivi, kisha hukusanya mvuke wa potasiamu unaotoka. Lithiamu hukubali umeme bila matata makubwa, katika mchanganyiko wa kloridi yake na kloridi ya potasiamu kwa nyuzi zipatazo 400 hadi 460.

Onyesha kanuni kwa chumvi nyingine

Kanuni ya kuyeyusha chumvi na kuitenganisha kwa umeme inaweza kuonekana darasani bila sodiamu. Vitabu vingi hutumia bromidi ya risasi, lakini risasi ni sumu na mvuke wa bromini ni mbaya kwa mapafu. Mimi naona kloridi ya zinki, inayoyeyuka kwa nyuzi 290 hivi, ni afadhali. Weka kiasi kidogo kwenye bakuli la kauri ndani ya kabati la kutolea gesi, chomeka vijiti viwili vya grafaiti visivyogusana, viunganishe na chanzo cha mkondo mnyoofu cha volti 12 pamoja na balbu ndogo, kisha pasha moto polepole. Kabla chumvi haijayeyuka balbu huwa imezima. Chumvi inapoanza kulainika kandokando ya bakuli balbu huanza kung'aa, na wanafunzi huona kwa macho kwamba ioni zimepata uhuru wa kutembea. Zima baada ya dakika chache, klorini isije ikajaa, na uache chumvi iendelee kupoa ndani ya kabati lilelile.

Ishike sodiamu kwa mikono iliyo mikavu

Shule iliyo na sodiamu huihifadhi ndani ya mafuta ya parafini, kwenye chupa iliyowekwa ndani ya kopo la bati, katika kabati lililo mbali na sinki na lililo juu ya kiwango cha maji yanayoweza kuingia wakati wa mvua. Kila mhula fundi akague kama mafuta bado yanaifunika. Siku ya onyesho mwalimu avae miwani ya kinga, aitoe metali kwa koleo ndogo, aikate juu ya kigae kikavu, na achukue kipande kisichozidi milimita 4 kila upande. Sehemu iliyokatwa hung'aa kama fedha kisha hufifia machoni pa mtazamaji. Apanguse mafuta kwa karatasi kavu, arudishe kipande kikubwa chupani na kuifunga chupa kabla ya kugusa maji, kisha ndipo aangushe kile kidogo kwenye beseni pana la kioo lenye maji na matone ya fenolifthalini, kiashiria kinachogeuka rangi ya waridi penye besi. Kati ya beseni na wanafunzi kuwe na kioo cha kinga, na wao wakae umbali wa mita mbili au zaidi.

Usiongeze ukubwa wa kipande kwa sababu onyesho limependeza. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mlipuko ni haidrojeni inayowaka tu, lakini mwaka 2015 watafiti wa Prague walionyesha kwa kamera za kasi kubwa, wakitumia aloi ya sodiamu na potasiamu, kwamba metali hupoteza elektroni nyingi kwa haraka kiasi kwamba ioni chanya zilizobaki husukumana na uso wake kuchomoza miiba inayochoma majini. Eneo la kugusana huongezeka ghafla, na mlipuko hutokea kabla gesi haijapata nafasi ya kuitenganisha metali na maji. Usikifunike chombo, wala usikibane kipande kwa karatasi au kijiti, kwani joto lisilopata pa kwenda hukiwasha.

Jiandae kwa moto wa aina yake

Maji yakatazwe kabisa. Kizimia moto cha dioksidi ya kaboni nacho hakifai, kwa sababu sodiamu inayowaka huinyang'anya gesi hiyo oksijeni na kuendelea kuwaka. Kinachofaa ni unga mkavu wa kufunika: chumvi kavu, au magadi makavu ya viwandani, yale yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Ndoo moja yenye kifuniko, iliyokaushwa na kuandikwa jina, iwepo mezani kabla chupa ya sodiamu haijafunguliwa. Mchanga mkavu unaweza kutumika kwa sodiamu, usitumike kwa lithiamu, ambayo huushambulia. Sodiamu ya moto haihitaji hata maji ili ilete maafa. Katika mtambo wa nyuklia wa Monju nchini Japani, Desemba 1995, ala ya chuma ya kipimajoto ilivunjika kwa mtetemo, na mamia ya kilo za sodiamu yaliyomwagika yaliwaka kwa kukutana na hewa ya chumba peke yake.

Ondoa mabaki siku hiyohiyo

Vipande vidogo visitupwe kwenye sinki wala kwenye pipa la taka. Viwekwe kimoja kimoja kwenye alkoholi ya propani-2-oli iliyo kavu, ndani ya chombo kilicho wazi, mbali na moto wowote kwa kuwa haidrojeni inatoka, na viachwe mpaka viputo vikome kabisa; ndipo maji yaongezwe tone kwa tone, na myeyusho uliobaki usawazishwe kwa asidi hafifu. Spiriti ya dukani ina maji ndani yake, kwa hiyo isitumike mahali pa alkoholi kavu. Kloroformu na vimumunyisho vingine vyenye klorini visisogee karibu, maana hulipuka vikigusana na metali hizi.

Chupa ya zamani ya potasiamu ishughulikiwe kwa namna tofauti. Ikiwa metali imeota gamba la manjano au la rangi ya chungwa, hiyo ni superoksidi, na kisu kinachoibana ndani ya metali iliyolowa mafuta kinaweza kuilipua. Isifunguliwe, isitikiswe wala isikwanguliwe. Chumba kifungwe, chupa ibandikwe onyo, na taarifa ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali nchini Tanzania, au kwa mamlaka ya mazingira nchini Kenya, ili waje watu wenye vifaa vya kuiondoa.